Nimeombwa kuwa menta wa mabinti wa klabu ya sayansi na mimi ni mwanaume, nianzie wapi?

InjiniaWaWaya

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwenye hili maana nataka nilifanye vizuri. Mimi ni mtu wa elektroniki, kazi yangu ni mifumo ya vipimo na vidhibiti vya mashine, sasa mwalimu mmoja wa sekondari kaniomba niwe menta, yaani mlezi wa kuwaongoza, wa mabinti wa klabu ya sayansi, wapo wachache tu, umri wao miaka 14 hadi 16. Moyoni nimeshakubali ila bado sijamjibu.

Kinachonifanya nisite ni kwanza huo uanaume wangu, najiuliza kama isingekuwa bora wapate dada aliyeko kwenye fani wamwone kwa macho yao. Halafu kiukweli sijui menta anafanya nini hasa wiki hadi wiki. Ninachokiona mara nyingi ni mgeni anakuja, anaongea saa nzima "sayansi siyo ngumu mkijituma mtafika", watoto wanapiga makofi, picha zinapigwa, anaondoka na hawamwoni tena. Sitaki kuwa mgeni wa hivyo.

Na kuna kitu niliona siku mwalimu aliponiita niangalie wanavyofanya majaribio, hakijanitoka. Kundi la mchanganyiko, wavulana na wasichana, mbele yao bredibodi moja (kile kibao cha matundu cha kuunganishia saketi) na laptopu moja. Hazijapita hata dakika kumi wavulana wawili wameshika waya na kibodi, binti mmoja kapewa kalamu aandike ripoti kwa sababu ana mwandiko mzuri. Akaandika kweli, ripoti safi, vipimo vyote vipo kwenye jedwali, ila rezista, vile vipande vya kupunguza mkondo wa umeme, hakuigusa hata moja. Hakuna aliyemfukuza wala kumsema vibaya, imetokea tu na wote wakaona sawa. Mtu kama huyu menta anamsaidiaje?

DadaWaProgramu

Mkuu mjibu mwalimu leo leo, mwambie ndiyo. Ni kweli binti akimwona mwanamke anafanya kazi ile ile anayoitamani inamwingia zaidi kuliko maneno, kwahiyo mara moja moja waalike akina dada wa kazini kwako au wa vyuoni, ila usikae unamsubiri huyo dada ndo uanze.

Mwangalie Katherine Johnson, yule mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1962 mwanaanga John Glenn, kabla hajaruka kwenda kuizunguka dunia, alitaka huyu Katherine ndiye azihakiki kwa mkono namba za safari zilizotolewa na kompyuta. Chuoni alikuwa na mwalimu mwanaume, anaitwa W. W. Schieffelin Claytor. Huyu alimwambia wewe utafaa kuwa mtafiti wa hisabati, na hakuishia kwenye kumsifia, alimtungia somo zima la jiometri ya anga na darasani mwanafunzi akawa ni Katherine peke yake. Kamaliza chuo 1937 akiwa na miaka 18, mwaka 1953 kaingia ile taasisi iliyokuja kuwa NASA, shirika la anga la Marekani. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Ndo maana nakwambia usipime kazi yako kwa muhula mmoja.

Sasa kwenye kufanya, kanuni yangu kubwa ni hii: mikono yako ikae mfukoni. Binti kaunganisha taa ya LED, haiwaki, anakugeukia. Wewe kwa jicho moja umeshaona ameigeuza, mguu mrefu kauweka upande wa hasi. Ukinyoosha mkono ukaigeuza imewaka, umemfundisha kwamba mambo yakikwama anaitwa mwanaume. Muulize tu ulitegemea nini kitokee, kimetokea nini, na umeshabadilisha nini mpaka sasa. Halafu nyamaza. Huo ukimya ni mgumu sana, unatamani uongee, vumilia, atakagua waya, atabadilisha betri, atahangaika, mwisho ataigeuza ile taa, na siku ikigoma nyingine atakuwa anajua pa kuanzia bila wewe.

Na yule wa ripoti msimpokonye ripoti, yule ana macho ya kuona data, kaeni nae mumwonyeshe kwamba kupanga vipimo vizuri ni nusu ya kazi ya injinia, ila majukumu yazunguke na muda uwekwe, kila dakika 15 aliyeshika kibodi anahama, aliyeshika kalamu anahamia kwenye waya. Ukiwaachia wapange wenyewe itajirudia ile ile uliyoiona.

MzeeWaHoja

Mimi naomba kuuliza kwa nia njema kabisa, kwanini mabinti tu? Kuna vijana wa kiume wengi wana akili na hawana mtu wa kuwashika mkono, nao hakuna anayewafuata. Na pengine wasichana wengine hawapendi tu haya mambo ya mashine, si kila mtu lazima awe injinia.

MwalimuWaFizikia

Mzee hoja yako ya vijana wa kiume naikubali, wenye shida wapo na mimi nawalea wote. Ila hili la "hawapendi tu" tuliangalie vizuri. Ile ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa za kielektroniki, iliyozinduliwa Marekani 1946, waliopangiwa kazi ya kuiprogramu walikuwa wanawake 6, na miaka ile kazi hiyo ilionekana ni ya kike kwa sababu sifa ilikuwa inaenda kwa waliojenga mtambo. Baadae ilipoanza kuwa na heshima na mshahara mzuri ndo ikageuka kuonekana ya kiume. Sasa kipaji cha mwanamke kilibadilika lini hapo katikati? Leo duniani watafiti wanawake ni kama theluthi moja tu, na kwenye uhandisi na kompyuta hali ni mbaya zaidi.

Injinia nikuongezee ya darasani. Binti mwenye miaka 12 ananiuliza maswali mpaka kengele inalia, akifika 15 kanyamaza. Hajapungukiwa akili, ameanza kuogopa kukosea mbele za watu. Halafu hapo hapo ndo anatakiwa kuchagua masomo, na akishaiacha hisabati au fizikia milango mingi inafungwa bila yeye kujua. Kwahiyo menta aingie kabla ya uchaguzi wa masomo, siyo baada. Kaa na kila mmoja na karatasi, mwambie wewe unataka hiki, kinahitaji masomo haya, ukiacha hili hutaweza kile. Unakuta mtoto mzuri kabisa kaacha fizikia kwa sababu rafiki yake kaacha.

Na sifa toa ila ziwe na kitu ndani. "Una akili sana" haimsaidii, siku akifeli ataona akili imeisha. Mwambie "nimependa ulivyorudia kipimo baada ya kuona namba ya tatu imepishana na zingine".

Kama utaanza na saketi, usiwape rezista mkononi, waache waitafute kwa hesabu. Betri volti 5, taa inakula kama volti 2, zinabaki 3, unataka mkondo wa ampia 0.01, gawa, unapata omu 300. Kwenye boksi hakuna 300, kuna 330, je itafaa? Hapo watabishana, na hapo sheria ya Ohm waliyokuwa wanaikariri (volti ukigawa kwa mkondo unapata ukinzani) inapata kazi. Mimi nimeshaona binti ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani anambishia mwenzake kwa sababu hesabu yake imetoka na taa imewaka, sura yake ile siku ile sitaisahau.

Binti_wa_Maabara

Mimi niko chuo mwaka wa pili kemia, acha niseme upande wetu sisi tunaolelewa. Menta wangu alinisaidia zaidi siku aliponionyesha jaribio lake lililofeli, na daftari lake lilivyojaa mistari ya kukata. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani watu wa sayansi wanapata jibu mara moja na mimi ndo mzito.

Kitu kingine mtafute mtu wa katikati. Injinia mwenye miaka 40 tunamheshimu ila tunaona yuko mbali, mwanafunzi aliyetutangulia miaka miwili mitatu tunamuuliza hata maswali tunayoona ni ya aibu, kama hosteli ikoje, ufadhili unaombwaje, darasani wavulana wakiwa wengi unafanyaje. Wewe usimamie, na hao mabinti wako nao wakishaelewa waanze kufundisha wadogo zao wa darasa la chini, ukimfundisha mtu ndo unajua kama wewe mwenyewe umeelewa.

Alafu fungua milango jamani, hili watu wanalisahau. Ada Lovelace kila mtu anamtaja, yule mwanahisabati wa Uingereza, yale maelezo yake ya mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage yalitoka 1843, ila nyuma yake alikuwepo Mary Somerville, mwanasayansi mkubwa tu, aliyekuwa anamsaidia kwenye hisabati na kumkaribisha kwenye mazungumzo ya wasomi. Nasi hivyo hivyo, ukisikia kuna shindano, mafunzo ya likizo, fomu ya ufadhili, tuma na kaa nae aijaze, maana kutuma linki tu haitoshi, fomu ikiuliza "elezea malengo yako" binti anaifunga hapo hapo.

InjiniaWaWaya

Wakuu nimeshukuru mno, nimeshampigia mwalimu nimemkubalia. Nimepanga tukutane kila wiki siku ile ile muda ule ule, kila mmoja awe na projekti yake ndogo aliyochagua mwenyewe, na nimeongea na dada mmoja wa kitengo cha programu kazini awe anakuja. Mzee wa hoja nakuhakikishia vijana wa kiume nao mwalimu kasema atawatafutia mtu, na siku za maonyesho wote watakuwa pamoja kwa zamu za kubadilishana.

Swali la mwisho, mawasiliano na wazazi mnafanyaje? Sitaki mzazi akute ujumbe wangu kwenye simu ya binti yake aanze kupata wasiwasi.

DadaWaProgramu

Umewaza vizuri, na hilo lifanye kabla ya kikao cha kwanza. Wazazi waitwe kupitia shule, ujitambulishe, waone sura yako na waambiwe siku, saa, mahali na mtakachofanya, wasaini ruhusa. Vikao viwe shuleni mlango wazi na mwalimu awepo, usikutane na binti peke yake na usimtumie ujumbe binafsi hata wa "hongera", kila kitu kipite kwenye grupu ambalo mwalimu yumo na mzazi anayetaka yumo. Binti akikuandikia pembeni mjibu kwenye grupu au mpe mwalimu. Hii inamlinda mtoto kwanza, na wewe pia.

Halafu waombe wazazi muda. Mabinti wengi hawaji kwenye klabu kwa sababu kazi za nyumbani zinawasubiri wao na siyo kaka zao, kwahiyo sema wazi pale pale mbele yao kwamba siku fulani mtoto awe huru kwa muda wa dakika 90. Wengi wakiombwa kwa heshima wanakubali, na ukiwaalika waje kuona binti zao wanavyoelezea projekti, utashangaa baba aliyekuwa mgumu ndo anakuwa wa kwanza kuuliza laptopu nyingine itapatikana lini.