Majirani Shangani, Mtwara: waya wa intaneti

Mama Somoe: Habari za asubuhi majirani. Sipiyu ya sebuleni (kompyuta ya mezani), inayotumia waya, haipati intaneti tangu jana usiku, ila simu zinapata Wi-Fi ya ruta ile ile. Fundi kaniambia ipigwe Windows upya. Ni kweli?

Baba Zuhura: Njema jirani. Usipige Windows, unaweza kupoteza mafaili bure. Kama simu zinapata, ruta na kifurushi havina shida. Tatizo liko kati ya ruta na sipiyu. Tazama tundu la waya huko nyuma, lina taa mbili ndogo. Zikoje?

Mama Somoe: Zinawaka sekunde chache, zinazima zote, zinawaka tena.

Rashidi: Shikamooni. Kwa kawaida moja hutulia na nyingine hupepesa data zikipita. Zikizima zote, muunganiko umekatika. Mama, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter, lifunguke dirisha la amri. Kisha andika ipconfig, Enter. Nisomee mstari wa IPv4, yaani namba ya sipiyu kwenye mtandao.

Mama Somoe: Marahaba mwanangu. 169.254.83.12

Rashidi: Hiyo namba mashine imejipa yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa jibu. Ingepewa na ruta, mara nyingi ingeanza na 192.168. Kwa hiyo kivinjari na antivairasi havihusiki, tuviache kabisa.

Baba Zuhura: Isogeze sipiyu karibu na ruta, tumia ule waya mfupi uliokuja na ruta. Chomeka kwenye tundu lolote la LAN (la vifaa vya nyumbani), siyo lile la WAN (linaloingiza intaneti kwenye ruta). Sukuma mpaka lilie tik.

Mama Somoe: Taa zimetulia! Namba sasa 192.168.1.104 na intaneti imerudi.

Rashidi: Basi kadi ya mtandao ndani ya sipiyu nzima, na draiva, programu inayoiendesha, nzima. Mgonjwa ni ule waya mrefu uliokuwa ukitumia. Unapita wapi?

Mama Somoe: Nje, ukuta wa upande wa bahari. Mita 20 hivi.

Baba Zuhura: Shika kichwa chake cha plastiki kinachochomekwa kwenye sipiyu, kiklipu kitazame chini, mdomo unaoingia waya uwe upande wako. Hesabu pini, vile vyuma vidogo, kutoka kushoto. Kuna ukungu wa kijani?

Mama Somoe: Upo, pini ya 1 mpaka ya 3.

Baba Zuhura: Ndiyo hiyo. Chumvi ya bahari imekula shaba. Pini 1, 2, 3 na 6 ndizo zinazobeba hata kasi ya 100 Mbps (megabiti kwa sekunde), kasi ya gigabiti inataka zote 8. Usisugue kwa msasa, utatoa dhahabu ya juu na kutu itarudi upesi. Kata kichwa, weka kipya.

Rashidi: Mpangilio wa nyuzi nane kwenye kichwa kipya kutoka kushoto, kiklipu chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi hukosea hapo kwa bluu na kijani, wanaweka kijani cha pili pembeni ya mwenzake. Taa inaweza kuwaka na data zisipite. Usifumue msokoto wa nyuzi zaidi ya sentimita 1.3, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe, la sivyo waya ukivutwa kidogo nyuzi zinachomoka.

Bi Hadija: Sipiyu yangu ina namba ya 192.168 lakini kurasa hazifunguki.

Rashidi: Bi Hadija, kwenye dirisha la cmd andika ping 8.8.8.8, ni namba ya Google. Ikijibu, intaneti ipo, kinachokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns. Ikigoma, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, fungua muunganiko wako, sifa (Properties) za IPv4, weka DNS 8.8.8.8. 8.8.8.8 isipojibu, andika ping na namba ya ruta yako, iko kwenye ipconfig mstari wa Default Gateway. Ruta ikijibu, shida iko mbele ya ruta, upande wa mtoa intaneti.

Mama Somoe: Nimekata sentimita 5, shaba ndani bado nyeusi.

Baba Zuhura: Endelea kukata mpaka ing'ae. Ukikwangua kwa kisu ukaona nyeupe, huo ni alumini iliyopakwa shaba, nunua mwingine wa Cat5e (daraja la waya wa mtandao) wa shaba tupu, wenye ganda jeusi la kutumika nje ya nyumba. Kabla haujaingia dirishani uache uning'inie chini kidogo ya tundu la dirisha, maji ya mvua yadondoke nje.

Rashidi: Na radi zikianza, chomoa waya wa mtandao pia, siyo wa umeme peke yake. Radi hupita humo ikaunguza tundu la sipiyu.

Mama Somoe: Sentimita 12. Sasa inang'aa, nyekundu mpaka ndani.

Baba Zuhura: Hapo hapo. Naleta koleo la kubania baada ya alasiri. Nunua vichwa vinne vya RJ45 (aina ya kichwa cha waya huu), upande wa ruta nao tutaubadilisha.