Kemshafti mpya kwenye Honda CB750 ya zamani, nichukue ipi na inafungwaje?

Kifuniko750:
Wakuu habari zenu, naomba mawazo kabla sijaharibu kitu. Nina Honda CB750, ile K ya kemshafti moja ya miaka ya 70. Injini nimeishusha maana kifuniko cha roka (vile vikono vinavyosukuma valvu) hakitoki ikiwa ndani ya fremu, na baada ya kufungua nimekuta nundu mbili za kemshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) zimeliwa, ukipitisha ukucha unakwama kabisa. Nikawaza badala ya kuhangaika na ya kiwandani iliyotumika si bora nichukue mpya ya watengenezaji wengine, na hapo ndo nikachanganyikiwa, kuna ya mtaani (ya matumizi ya kila siku), kuna ya kati, kuna ya mashindano, moja imeandikwa nyuzi 220 nyingine 260 nyingine karibu 300, sijui hata nalinganisha nini na nini. Roho inataka ya mashindano sifichi. Pistoni ni za kiwandani, kabureta zile zile za milimita 28, ekzosti nne za kawaida, na naitumia kwa safari tu. Halafu swali la pili, nikiipata nachomoa ya zamani nachomeka mpya nafuata alama basi, au kuna mengine?

BabaSpana:
Kijana kabla hujanunua chochote jiulize nundu zimeliwa na nini. Kwenye injini hiyo kemshafti inazunguka moja kwa moja kwenye alumini, hakuna beringi pale, kwa hiyo mafuta yakichelewa kufika juu inakula kemshafti na inakula makalio yake pia, yaani pale inapokalia na kuzunguka. Toa vijitundu vya mafuta vinavyopanda kwenye hedi (kichwa cha injini) uvisafishe kwa upepo, angalia oringi zake, pima makalio. Ukifunga kemshafti mpya juu ya njia ya mafuta iliyoziba utarudi hapa baada ya muda mfupi unalia.

Na roka usirudishe zilivyo!! Uso wa roka ulishazoeana na nundu iliyochakaa, ukiuweka kwenye nundu mpya ni kama kusaga kwa tupa. Ama roka mpya ama zikasagwe na kung'arishwa kwa mtu anayejua ile mviringo yake.

ResiMoto:
mkuu chukua ya mashindano hutojuta, ile sauti tu inalipa

Kabureta_Nne:
ResiMoto usimpoteze mwenzio. Mimi niliingia mkenge huo huo, nilifunga kemshafti kali kwenye pistoni za kiwandani, matokeo yake pikipiki chini ya mizunguko 5,000 kwa dakika ilikuwa kama imebeba gunia, ikisimama inazima, halafu ikifika juu kabureta zimeshaishiwa pumzi. Nikaitoa.

Sababu ni hii: kemshafti kali inachelewa kufunga valvu ya kuingiza, pistoni inaanza kupanda huku valvu bado iko wazi, mchanganyiko unarudishwa ulikotoka, kwa hiyo kompresheni halisi inashuka. Kiwandani hiyo injini ni kama 9 kwa 1, ukiipunguzia hapo unabaki na nini? Ndo maana za mashindano zinaenda na pistoni za kompresheni kubwa na kabureta kubwa, ni familia nzima ile, huwezi kumuoa mmoja ukawaacha nduguze.

Kuhusu namba, linganisha zilizopimwa sawa. Nyuzi ni digrii ambazo krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka valvu ikiwa wazi. Kuna anayehesabu tangu valvu inapoanza kunyanyuka nywele tu, huyo atakuandikia 260 au 280, na kuna anayehesabu valvu ikishanyanyuka milimita 1, huyo kemshafti ile ile ataandika 220 na kitu. Kwa pistoni zako na matumizi yako mimi ningechukua ile ya mtaani, nguvu inaongezeka katikati pale unapoitumia kila siku.

Kifuniko750:
Nimewaelewa, ya mtaani basi (roho imenuna kidogo). Springi za valvu nazo?

Nyuzi360:
Springi lazima upime, usikisie. Valvu ikinyanyuka zaidi springi inabanwa zaidi, na koili zikigusana kitu kitavunjika. Valvu ikiwa wazi kabisa hakikisha bado kuna angalau milimita 1.5 kabla koili hazijafungana, na kile kikombe cha juu cha springi kisifike kugonga sili ya gaidi (kile kibomba ambamo valvu inateleza). Watengenezaji wengi wanataja springi za kwenda na kemshafti yao, wafuate.

Sasa swali lako la alama. Alama ni za kuanzia tu. Hedi ikishachongwa hata mara moja, au cheni ikitanuka, kemshafti inachelewa na alama bado zinasoma vizuri. Funga diski ya nyuzi kwenye krenki upande wa pointi (za kuwasha cheche), tafuta pale pistoni inapofika juu kabisa kweli kwa kuzuia pistoni kwa bolti kwenye tundu la plagi: zungusha taratibu kwa mkono upande mmoja hadi iguse, soma, zungusha upande mwingine hadi iguse, soma, katikati ya hizo mbili ndo juu kabisa. Toa bolti. Weka dayo geji (saa ya kupimia milimita) juu ya valvu ya kuingiza, tapeti (nafasi kati ya roka na valvu) iwe sifuri, halafu zungusha upande inaozunguka ikiwaka, ukipitiliza usirudi nyuma kidogo, rudi sana halafu uje tena, la sivyo ulegevu wa cheni utakudanganya. Andika inapofika milimita 1 ikifunguka, na inapobaki milimita 1 ikifunga. Tuletee namba.

Kifuniko750:
Wakuu nimerudi, kemshafti ilifika, roka zimesagwa, vijitundu vya mafuta kimoja kilikuwa kimeziba kweli BabaSpana shikamoo. Nimepima mara tatu, alama za kiwandani zikiwa sawa: inafunguka nyuzi 9 kabla ya juu kabisa, inafunga nyuzi 31 baada ya chini kabisa. Karatasi ya mtengenezaji inasema 5 na 35. Nisogeze jino moja?

Nyuzi360:
Hapana usiguse jino! Hesabu kwanza. 9 jumlisha 180 jumlisha 31 ni 220, na 5, 180, 35 ni 220 vilevile, kwa hiyo kemshafti ni sahihi ila imewahi. Nusu ya 220 ni 110, toa 9 unapata kilele cha nundu kwenye nyuzi 101, karatasi inataka 105. Umewahi nyuzi 4 za krenki, na kemshafti inazunguka nusu ya krenki kwa hiyo pale kwenye sproketi ni nyuzi 2 tu. Jino moja la sproketi ya meno 34 kwa mfano ni zaidi ya nyuzi 21 za krenki, valvu zingesalimiana na pistoni. Unahitaji sproketi yenye matundu marefu ya bolti, au yako ukaichonge kidogo, kisha bolti uzitie gundi ya kuzuia zisilegee na ukaze kwa torki spana.

Kabla ya kufunga jumla weka udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, upake mafuta kidogo usinate, funga hedi na gasketi, zungusha mara mbili kwa mkono, fungua ukate upime unene uliobaki. Valvu ya kuingiza usikubali chini ya milimita 1.5, ya kutoa chini ya 2. Ukihisi kitu kinakwama wakati wa kuzungusha SIMAMA.

BabaSpana:
Marahaba. Tapeti usiset 0.05 na 0.08 za kitabu cha Honda, set alizotaja aliyetengeneza hiyo kemshafti. Paka ile grisi nyeusi ya kufungia kwenye kila nundu na uso wa roka, mafuta yawe yenye zinki. Taimingi ya cheche na kabureta ziwe tayari kabisa ili isikusumbue kuwaka, maana kila kiki ya bure inafuta hiyo grisi. Ikiwaka usiiache ingurume chini, ipandishe 2,000 hadi 2,500 uichezeshe hapo dakika 20, feni kubwa mbele yake maana haitembei, kisha zima, ipoe hadi kesho, uset tapeti upya na umwage hayo mafuta.

Kifuniko750:
Udongo umesoma 2.1 kuingiza na 2.6 kutoa, hiyo ni baada ya kurudisha zile nyuzi 4. Kesho naiwasha.

ResiMoto:
rekodi sauti utuwekee