Mrejesho: Vitabu vinavyopingana kuhusu Amy Winehouse
Ndugu zangu, niliuliza nimwamini nani kati ya wazazi wa Amy Winehouse, yule mwimbaji Mwingereza aliyefariki mwaka 2011: baba yake, aliyetoa kitabu mwaka 2012, au mama yake, aliyetoa chake mwaka 2014. Nawashukuru nyote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kuanza na uchunguzi wa kifo, uliorudiwa London Januari 2013, nikayakata kwa kalamu maneno "dawa za kulevya" niliyoyaandika daftarini kuwa chanzo, kwani ilikutwa pombe, miligramu 416 katika mililita 100 za damu, wala dawa haramu hazikuonekana. Kutenganisha alichokiona mwandishi na alichosimuliwa kulinisaidia pia. Hata hivyo, swali la nani angeweza kumwokoa limenishinda, kwa kuwa kila mzazi anaandika kwa uchungu wake, nami nimeliacha wazi.