Kupanda Morningside moyo ulinienda mbio mno, naombeni ushauri kabla ya Kilimanjaro

Mtoa mada: Habari zenu wakuu. Ni mwanamke wa miaka 41, naishi Dar, presha iko sawa. Juzi tulipanda Morningside kule Uluguru. Kwenye mwinuko mkali moyo ulidunda hadi nikausikia masikioni, pumzi zikakata, mapaja yakawaka moto, na kichefuchefu juu yake. Nikikaa kidogo vinatulia. Leo nashindwa kushuka ngazi. Mwezi wa tisa tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Je, mwili unanitahadharisha au ndivyo ilivyo?

Kibarango: Pole dada. Mlimani kila hatua unaunyanyua uzito wako wote, na kazi hiyo inabebwa na misuli mikubwa ya mapaja na makalio. Ikidai oksijeni, moyo hauna budi kukimbia. Damu inaelekezwa kwenye misuli na ngozi, tumbo linabaki na kidogo, ndipo kichefuchefu kinapoanzia, hasa kama ulikula ukashiba. Kutulia ukipumzika ni dalili nzuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Mguu Chuma: Maumivu ya ngazi yametokana zaidi na kushuka. Misuli ya mbele ya mapaja inavutika huku imekaza ili usiporomoke, nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Huuma zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupona. Fanya mazoezi ya kushuka pia.

Wa Moshi: Mimi ni mwongoza wageni. Mapaja utayazoesha, hewa ndiyo mtihani. Vituo vya kulala njiani, Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na kilele cha Uhuru 5,895, ambako kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar. Mazoezi ya Uluguru hayakukingi na hilo. Hata vijana wenye nguvu zao tunawarudisha. Lipia siku ya ziada ya kulala Horombo ili mwili uizoee hewa hiyo. Kichwa kikiuma, sema mapema, tafadhali usifiche. Mtu akianza kuyumba, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anashushwa papo hapo, hata iwe usiku wa manane.

Mtoa mada: Asanteni sana. Marehemu baba alisumbuliwa na moyo. Hilo nalo lina uzito?

Kibarango: Lina uzito, dada. Kapime kabla hujalipia safari. Mwambie daktari habari za baba na urefu wa mlima, akupime umeme wa moyo. Kifua kikibana mazoezini, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, au ukitaka kuzimia, acha hapo hapo uende hospitali.