Katuni za mashujaa zinazojitania: zinamnoa mtoto au zinamnyima steringi?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili kwa uzito wake, maana wengi wakisikia katuni hudhani hakuna cha kujadili.

Katuni za mashujaa wa nguvu za ajabu siku hizi hazitulii bila kujitania. Steringi yuko katikati ya pigano, mara anamgeukia mtazamaji kumweleza kwamba hapa ndipo adui huanza hotuba yake ndefu. Adui naye analalamika kwamba mwandishi kampa maneno dhaifu. Katika Ultimate Spider-Man, iliyoanza mwaka 2012, Spider-Man anasimamisha picha nzima, wenzake wakiwa wameganda hewani, ili aongee na sisi kwanza. Wakubwa tunacheka. Tunacheka kwa sababu tumeshaona hotuba mia za maadui na tunajua mchezo ulivyo.

Je, mtoto ambaye hajaona hata moja?

Msimamo wangu ni huu: utani wa namna hiyo unamfaa anayekijua kile kinachotaniwa. Mtoto ambaye bado hajaona shujaa akiogopa, akishindwa, akajikusanya na kurudi, utani unamfikia kabla ya kitu chenyewe. Anafundishwa kuicheka hotuba ya ushujaa kabla hajasikia hata moja iliyomsisimua.

Chukueni Teen Titans, katuni ya vijana watano mashujaa. Ile ya mwanzo ilirushwa mwaka 2003 hadi 2006. Ilikuwa na vichekesho tele, ila ilikuwa na Terra pia, msichana mwenye nguvu za kuitikisa ardhi, aliyewasaliti rafiki zake, kisha akajitoa mhanga kuzuia volkano na kugeuka jiwe. Ilikuwa na Raven, aliyeishi na hofu kwamba yeye ndiye mlango ambao baba yake Trigon, pepo mwangamizi, angepitia kuingia duniani. Mwaka 2013 ikaja Teen Titans Go!, vijana walewale watano, sauti zilezile. Sasa wanasafiri dunia nzima kutafuta viungo vya sandwichi, na Trigon ni baba wa kuchekesha anayekuja kumtembelea binti yake. Ya kwanza ilidumu miaka mitatu. Ya pili imevuka miaka kumi. Maana yake kuna kizazi kizima kilichomjua Trigon kama kichekesho, na kitisho chake hawakukutana nacho kabisa.

Waandishi wanayajua malalamiko haya. Walitengeneza kipindi walichokipa jina la kurudi kwa Slade, adui mkubwa wa ile ya zamani. Mashabiki wakakaa kumsubiri. Vijana wakatoka mbio kwenda kupigana naye, picha ikakatika, na ilipoanza tena walikuwa wamerudi wanalisifia pigano ambalo hatukulishuhudia. Muda wote uliobaki ukaenda kwa mchekeshaji wa sherehe za watoto, mwenye pua nyekundu, ambaye wawili kati yao walimpenda utotoni na sasa wanamwona wa kitoto, kwa hiyo wanamgeuza awe wa kutisha. Ujumbe ulikuwa kwetu, na ulieleweka. Lakini hoja ilichekwa, haikujibiwa. Hapo ndipo utani unapokuwa ngao: ukisema kipindi hakina moyo, nacho kinakwambia «tunajua», na mazungumzo yameishia hapo.

Sidai giza wala damu. Nadai kwamba mtoto apewe shujaa wa kweli kwanza, utani ufuate.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, huo mpangilio wa «kwanza shujaa, halafu utani» haujawahi kuwapo. Superman aliingia kwenye katuni za sinema mwaka 1941. Mwaka uliofuata tu, 1942, alikwishatokea panya mwenye joho, anaruka angani na kupiga paka ngumi, akiitwa Super Mouse kabla ya kubadilishwa kuwa Mighty Mouse. Alitengenezwa makusudi kumtania Superman. Watoto wa wakati ule walimpokea shujaa na mzaha wake karibu siku moja, na hawakuharibika.

Na katuni kujijua kwamba ni katuni ni jambo la zamani kuliko mashujaa wenyewe. Mwaka 1914 Winsor McCay alisimama jukwaani kando ya pazia, akimwamuru dinosaria wa kuchorwa ainame na kuinua mguu. Mwaka 1953 bata Daffy alitumia filamu nzima kugombana na mchoraji aliyekuwa akimfuta na kumchora upya. Watoto wote walioiangalia walielewa, na hakuna aliyewafundisha kwanza nadharia ya sanaa.

Mchangiaji wa pili

Nadhani ndugu mleta mada anaweka kosa mahali pasipo pake. Swali la utani umekuja kabla au baada halitoshi. Tuulize utani unamlenga nani, na baada ya kicheko kinabaki nini.

The Incredibles ya mwaka 2004, filamu ya katuni kuhusu familia ya mashujaa, imejaa kujitania. Adui anaanza kujigamba, anashtuka katikati na kugundua kwamba ameshawishiwa atoe hotuba ya adui. Edna, mshonaji wa mavazi ya mashujaa, anakataa katakata kushona joho, na anataja mmoja mmoja mashujaa waliokufa kwa majoho yao: huyu lilinasa kwenye kombora, yule kwenye injini ya ndege. Ukumbi mzima unacheka. Kisha filamu inafika mwisho, na adui anavutwa na joho lake mwenyewe ndani ya injini. Kicheko kilikuwa kimetega kifo, na hakuna aliyekishtukia.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni mwingine, na sijui kwa nini hauzungumzwi. Ni katika filamu hiyohiyo: mama wa familia ile yupo pangoni na wanawe usiku. Anawakumbusha wale maadui wa vipindi walivyokuwa wakiangalia Jumamosi asubuhi. Anawaambia hawa si kama wale. Hawa hawatajizuia kwa sababu ninyi ni watoto. Wakipata nafasi watawaua. Hiyo ni katuni inayojitaja kuwa katuni, mchana kweupe. Inamwambia mtoto aliyekaa mbele ya skrini: ile kanuni uliyoizoea, ya kwamba hakuna anayeumia, leo haipo. Hapo kujijua kumeongeza hofu. Ukiiondoa sentensi ile kwa kuwa «inajijua», filamu inapoteza dakika yake nzito kuliko zote.

Kuna pia kujijua kusiko na kicheko hata kidogo. Mwaka 1992 Batman: The Animated Series ilimwita Adam West, Batman wa runinga wa mwaka 1966 hadi 1968, yule wa mzaha na rangi kali, aigize sauti ya Simon Trent. Trent ni mwigizaji aliyezeeka, zamani aliigiza shujaa wa runinga aitwaye Gray Ghost, na sasa hapati kazi kwa sababu watu hawamwoni vingine. Anauza vifaa vyake vya uigizaji ili alipe pango. Batman anamhitaji kutatua kesi, na baadaye anampeleka katika maficho yake na kumwonyesha kumbukumbu zote za Gray Ghost alizozitunza tangu utoto. Anayejua sauti ile ni ya nani anaona Batman mpya akimshukuru Batman aliyechekwa miaka yote. Asiyejua anaona mzee aliyedhani maisha yake yalipotea bure akiambiwa hapana. Wote wawili wametosheka, na hakuna aliyehitaji somo la awali.

Kwa hiyo kipimo changu: utani ukiulenga mtindo, yaani joho, hotuba, maficho, vazi la kubana, na uendelee. Ukiilenga hofu ya mhusika au huzuni yake wakati huohuo anapoipitia, hapo umeua.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Nijibu mawili.

Kwanza, Mighty Mouse. Kumtania mwingine na kujitania mwenyewe ni mambo mawili. Yule panya alikuwa mzaha kwa aliyemjua Superman, ila yeye mwenyewe hakujua kwamba ni mzaha. Alipokwenda kuokoa, alikwenda kweli, na panya walioonewa na paka walionewa kweli. Mtoto asiyemjua Superman alipata shujaa kamili. Ninachokilalamikia ni shujaa anayekwenda kuokoa huku akikukonyeza kwamba hata yeye haamini.

Pili, The Incredibles. Mifano hiyo inanisaidia mimi. Ile familia tunaiona ikiwa imeumia mapema kabisa: baba kanyimwa kazi aliyozaliwa nayo, anakaa kwenye ofisi ya bima, mkubwa wake anamzuia kwenda kumsaidia mtu anayeporwa nje ya dirisha. Msingi umewekwa, ndipo utani ukajengwa juu yake. Hata Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 ilifanya hivyo. Humo kuna Spider-Man kadhaa kutoka dunia mbalimbali, na kila mmoja anajitambulisha kwa maneno yaleyale, mpaka tunacheka yakianza. Peter, Spider-Man mzoefu, anamzuia Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, asiumalizie hata ule usemi maarufu wa nguvu kubwa na wajibu mkubwa, kwa sababu amechoka kuusikia. Lakini mjomba wa Miles anapokufa mikononi mwake, hakuna anayeleta utani. Na utambulisho ule wa kuchekesha, mwishoni Miles anausema mwenyewe kwa mara ya kwanza, na safari hii hatucheki, maana ameustahili. Filamu hiyo ilipata Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2019, na kwangu ilistahili kwa sababu hii moja tu.

Kipimo cha mchangiaji wa pili nakikubali kama nusu. Nusu nyingine ni kwamba hicho kinachotaniwa lazima kiwemo ndani ya kazi yenyewe. Usimwachie mtoto deni la kwenda kukitafuta kwenye kazi nyingine ya miaka kumi iliyopita.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nimtetee mshtakiwa mkuu hapa, maana Teen Titans Go! inahukumiwa kwa kosa la kutokuwa kipindi kingine.

Kipindi chake kimoja ni dakika 11 hivi. Ile ya zamani ilikuwa na karibu mara mbili ya hizo, na ilijipa msimu mzima kumjenga Terra. Dakika 11 hazitoshi kumpenda mtu, kusalitiwa naye na kumwombolezea. Zinatosha kwa ugomvi wa sebuleni, na ndicho kilichochorwa: vijana watano wanaoishi nyumba moja, wakigombania chakula na zamu za usafi. Mtoto hahitaji kumjua Trigon wa zamani ili acheke baba anayemwaibisha binti yake mbele ya rafiki zake. Hilo analijua kwa maisha yake. Deni analolisema mleta mada ni letu sisi tuliokua na ile ya kwanza.

Na tusidhani utani ndio uliofukuza katuni nzito. Young Justice, katuni nyingine ya mashujaa vijana, ilikuwa nzito kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikakatishwa mwaka 2013 baada ya misimu miwili. Mtayarishaji wake Greg Weisman ameeleza kwamba fedha zake zilitegemea mkataba wa kuuza vinyago vya watoto kuchezea. Vinyago vikakoma, na katuni ikakoma. Ilirudi mwaka 2019 baada ya mashabiki kuipigia kelele miaka yote hiyo. Anayetaka mashujaa wa kweli azungumze na wenye fedha kabla hajawalaumu wenye vichekesho.

Mchangiaji wa nne

Sijaona mtu akiitaja Batman: The Brave and the Bold, iliyorushwa mwaka 2008 hadi 2011, ilhali ndiyo iliyoujadili mjadala huu ndani yake yenyewe.

Kipindi chake cha mwisho kinamhusu Bat-Mite, kijitu cha ajabu kutoka ulimwengu mwingine chenye uwezo wa kubadili chochote, shabiki mkubwa wa Batman. Bat-Mite amechoka na Batman wa kuchekesha, anataka kipindi kifutwe ili kije kingine chenye giza. Basi anakiharibu kusudi: analeta binti mdogo wa kupendeza asiye na kazi, anahamishia kila kitu ufukweni, anaingiza vitu vya kuuzia vinyago. Anafanikiwa, kipindi kinafutwa. Halafu anaambiwa kwamba katika hicho kipya chenye giza hakutakuwa na nafasi ya kijitu cha kipuuzi kama yeye, na anatoweka.

Baada ya hapo Batman anasimama mbele ya mashujaa wenzake wote, anatugeukia sisi, na anawaaga watoto. Anawaahidi kwamba popote uovu utakapojificha, yeye atakuwapo kuwatetea wasio na hatia. Hakuna kicheko, hakuna kukonyeza. Na anayeongea ni mchoro unaojua kwamba umefutwa.

Mleta mada

Kuaga kule ndiko ninakokudai. Batman yule aliwaangalia watoto usoni na akamaanisha kila neno. Nitajieni kipindi kimoja cha Teen Titans Go! ambamo mmoja wa wale watano anafanya hivyo bila utani kumkatiza.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, kuaga kule kumebebwa na misimu mitatu ya kucheka naye. Angekuwa Batman wa kununa tangu kipindi cha kwanza, maneno yale yangekuwa hotuba nyingine tu ya shujaa. Alikuwa ameshatuonyesha kwamba anajijua ni mchoro, ndiyo maana ahadi yake ilikuwa na uzito: alijua anafutwa, na bado akaahidi. Kuhusu Teen Titans Go!, nakuachia mchangiaji wa tatu akujibu. Mimi sijaona kipindi kama hicho, ila sijakiona pia kipindi chochote chao kilichojaribu.