Seneti ya Marekani imepiga kura mbili za bima, zote zimeanguka. Chama kwanza, mgonjwa atajijua!

Wakuu, heshima kwenu. Mods, nawaomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la diaspora, kule anausoma nani? Hii ni siasa tupu.

Niseme mapema kwamba naandika na hasira. Naendesha roli hapa Texas, roli ni langu mwenyewe, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kunikatia bima. Watu wa aina yangu tunajinunulia wenyewe kwenye lile soko la serikali, ambalo kila mtu analiita Obamacare. Sasa barua ya bei za 2026 imeingia. Bima ni ile ile, madaktari ni wale wale, lile fungu ninalotakiwa kulimaliza kutoka mfukoni kabla kampuni haijatoa chochote limenenepa, na malipo ya kila mwezi yamezidi mara mbili. Nikapiga simu nikiamini wamekosea mahesabu. Dada wa watu akanijibu kwa upole kabisa: hapana baba, hakuna kosa, ruzuku ya nyongeza, ile pesa ya serikali inayopunguza malipo yenu, inaisha tarehe 31 Disemba 2025.

Na hapo siko peke yangu. Waliokuwa kwenye soko hilo 2025 ni kama milioni 24, na karibu milioni 22 kati yao walikuwa wanaishi kwa ruzuku hiyo. KFF, wale wanaofuatilia mambo ya bima, walipiga hesabu kwamba mtu wa ruzuku kwa wastani atatoka kulipa dola 888 kwa mwaka mpaka 1,904. Hapo ni wastani. Ukiwa peke yako na kipato chako cha 2026 kikapita dola 62,600 kidogo tu, ruzuku inakatika yote, unalipa bei nzima. Wenye miaka hamsini na kitu ndio wanalia machozi ya kweli, kwa sababu bei ya bima hupanda na umri.

Basi Alhamisi tarehe 11 Disemba 2025 Seneti ikakaa. Muswada wa Democrats wa kuongeza ruzuku kwa miaka mitatu ukapata kura 51 za ndiyo na 48 za hapana. Umeanguka. Hamjasoma vibaya: 51 kwa 48 na umeanguka, kwa sababu pale Seneti usipopata 60 za kufunga mjadala hakuna kinachosonga. Ukaja muswada wa Republicans, ule wa kutuwekea dola 1,000 au 1,500 kwa mwaka kwenye akaunti ya afya badala ya ruzuku. Nao 51. Nao chini. Kila upande ukapata cha kwenda kuonyesha kwa wapiga kura wake, "tulijaribu, wale ndio waliokataa", halafu watu wakashika mikoba yao.

Republicans waliovuka kwenda kupigia ndiyo ule wa ruzuku ni wanne tu: Collins wa Maine, Murkowski na Sullivan wa Alaska, na Hawley wa Missouri. Wawili wetu wa Texas, Cornyn na Cruz, hapana. Cruz simshangai. Huyu 2013 alisimama ukumbini akazungumza zaidi ya saa 21 kuipinga Obamacare, na wiki iliyofuata serikali ikafungwa siku 16. Angalau yeye msimamo wake unaujua toka zamani. Ninayetaka kumzungumzia ni Hawley, ambaye leo wengine wanampigia makofi.

Mwezi Mei 2025 Hawley aliandika makala kwenye New York Times akisema kukata Medicaid, yaani bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, ni kosa kimaadili na ni kujiua kisiasa. Maneno makali, na yana msingi, maana wananchi wa Missouri wenyewe walipiga kura 2020 kuipanua hiyo Medicaid. Mei hiyo. Tarehe 1 Julai ukaletwa ule muswada mkubwa wa Trump, wenye makato ya Medicaid ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge inakadiria yatachangia mamilioni ya watu kupoteza bima ndani ya miaka kumi. Hawley akapiga ndiyo. Wiki mbili baadaye akaleta muswada mwingine wa kufuta sehemu ya makato aliyoyapitisha yeye mwenyewe! Hivi huyu bwana anajua sisi tunasoma?

Siku hiyo ya Julai matokeo yalikuwa 50 kwa 50, Makamu wa Rais Vance akaja kuvunja sare. Maana yake yeyote kati ya wale 50 angekataa, muswada ungekufa pale pale. Murkowski akapiga ndiyo baada ya jimbo lake kupewa vijinafuu vyake, kisha akatoka nje akawaambia waandishi wa habari kwamba hakuupenda na anatumaini Baraza la Wawakilishi litaurekebisha. Baraza la Wawakilishi halikugusa hata nukta, 218 kwa 214, Trump akausaini tarehe 4 Julai. Sasa mama, kama hukuupenda, kitufe cha hapana kilikuwa kimeharibika?

Na ni Murkowski huyu huyu wa 2017! Kwa wasiokumbuka: Republicans walikuwa wamehubiri miaka saba kwamba wakishika nchi wanaifuta Obamacare na kuweka nyingine bora. Wakashika kila kitu. Hiyo bora haikuonekana. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2017 wakaleta kipande cha muswada ambacho ofisi ya bajeti ilisema kingeongeza watu milioni 16 wasio na bima. McCain, seneta wao wa Arizona, mzee aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji na kugunduliwa saratani ya ubongo, akasogea mbele, akanyoosha mkono, akageuza dole gumba chini. 49 kwa 51. Ile video kila mtu ameiona. (Collins na Murkowski walikuwa wamekataa vile vile, na walianza kukataa kabla yake, lakini sifa zote alipewa mzee. Ndiyo dunia.)

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haiwezekani. Inawezekana, watu watatu walitosha.

Najua kuna mtu anaandaa jibu kwamba Obamacare ni ukomunisti ndiyo maana hawaitaki. Mkuu, lile wazo la kumlazimisha kila mtu awe na bima lilipigiwa debe na Heritage Foundation, wahafidhina wa kutupwa, tangu mwisho wa miaka ya 80. Aliyelitekeleza kwanza ni Mitt Romney akiwa gavana wa Massachusetts, 2006, Republican. Obama alipolichukua, ghafla likawa sumu. Sheria ilipita Machi 2010 kwa 219 dhidi ya 212, na kura za Republicans ndani ya hizo 219 ni sifuri. Yupo mmoja, Joseph Cao wa New Orleans, alithubutu kuunga mkono toleo la kwanza Novemba 2009, peke yake kwenye chama kizima. Kura ya mwisho ilipofika alikuwa amesharudi zizini. Novemba 2010 wapiga kura wakamtoa hata hivyo.

Haya, Democrats mliokaa mnachekelea, zamu yenu.

Sikatai kwamba nidhamu ya chama ndiyo iliyoipitisha sheria hii. Pelosi, Spika wao wakati ule, aliwabana watu wake, na wengi waliopiga ndiyo walijua wanakwenda kupoteza viti. Kweli wakapoteza, viti 63 uchaguzi uliofuata. Hao nawaheshimu. Lakini hii ruzuku iliyokufa nani aliiwekea tarehe ya kufa? Ni ninyi. Mliianzisha 2021 kama ya muda, Agosti 2022 mkaiongeza mpaka mwisho wa 2025, mkiwa na Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi mikononi. Mkaifanya ya muda ili gharama ionekane ndogo kwenye karatasi na wenzenu wagumu ndani ya chama wakubali. Kisha mkatuambia mmetuletea bima nafuu. Mngeandika kwenye mabango yenu kwamba ni ya mkopo.

Na 2025? Mkaifunga serikali siku 43, rekodi ya wakati huo, watumishi hawana mishahara, watu wanahangaika na msaada wa chakula, mkisema bila ruzuku hatufungui. Mimi niliwaunga mkono, njaa na yote. Mwezi Novemba wanane wenu wakavuka, saba wa chama na King wa Maine, asiye na chama lakini anakaa nanyi. Walipewa nini? Ahadi kwamba Seneti itapiga kura Disemba. Kura, siyo ruzuku. Thune, kiongozi wa Republicans pale Seneti, akaitimiza ahadi yake, kura ikapigwa, ndiyo hiyo ya Alhamisi. Mtoto wa shule ya msingi angeuona huo mtego.

Sasa nije kwenye kitu kinachonikera kuliko vyote. Kwetu Bongo mbunge akivuliwa uanachama, ubunge umekwisha, Katiba ndivyo inavyosema. Ndiyo maana mle Dodoma mtu anagonga meza hata kwa jambo linaloumiza jimbo lake, na ukimuuliza pembeni atakwambia kaka, nina watoto wanasoma. Simtetei, lakini namwelewa. Huyu wa Marekani hana sheria hiyo. Anaweza kukipinga chama chake asubuhi, mchana na jioni, na kiti chake kinabaki mpaka muhula uishe. Hakuna mnadhimu wa kumnyang'anya. Basi anaogopa nini?

Anaogopa kura za maoni. Majimbo mengi ya uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi yamechorwa kwa namna kwamba chama cha mshindi kinajulikana kabla ya siku ya kura, kwa hiyo uchaguzi wenyewe ni ule wa ndani ya chama, ambao hupigwa na watu wachache, wenye jazba, wanaofuata kila neno la mkubwa wao. Maseneta nao kwenye majimbo ya upande mmoja, hadithi ni hiyo hiyo. Tazameni Thom Tillis wa North Carolina. Juni alisema hawezi kuunga mkono makato ya Medicaid, akapiga hapana muswada ulipotaka kuanza kujadiliwa. Trump akamshambulia na kutishia kumtafutia mpinzani. Kesho yake Tillis akatangaza hagombei tena. Ndipo akapata uhuru wa kusema yote anayoamini: akasimama ukumbini akauliza atawaambia nini watu 663,000 wa jimbo lake walioingizwa Medicaid juzi juzi tu, na Julai akapiga hapana ya mwisho. Yaani ili mtu apigie kura wagonjwa, inabidi kwanza ajiuzulu moyoni.

Cornyn wetu hapa naye alikuwa na Ken Paxton, mwanasheria mkuu wa Texas, anamsubiri kwenye kura za maoni za Machi 2026, akimshambulia kwamba si mfuasi wa kutosha wa Trump. Ungekuwa Cornyn, ungempigia ndiyo dereva wa roli anayeitwa jina ambalo hawezi kulitamka?

Na sisi wenyewe! Makundi yetu ya WhatsApp hapa Texas ni Simba na Yanga mtupu. Mtu ni Republican kwa sababu mchungaji wake kasema, hana bima, mke ana kisukari, na bado anatuma video za kushangilia kura ya hapana. Mwingine ni Democrat toka enzi za Obama, hajui hata ruzuku iliwekewa mwisho na chama chake. Ukimwonyesha tarehe anakuuliza umelipwa na nani.

Wakati huo huo wapo ndugu zetu Wakongomani waliotoka Nyarugusu na kambi nyingine, wako Fort Worth, Houston, Abilene, wanafanya kazi usiku kwenye maghala na viwanda vya nyama. Sheria ile ya Julai inawaondoa wakimbizi kwenye Medicaid kuanzia Oktoba 2026, na kwenye ruzuku ya soko kuanzia Januari 2027, mpaka wapate kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. Wengi hawajui. Hakuna aliyewaeleza kwa Kiswahili, na wale wa kuwaeleza tuko bize kubishana chama gani kitamu. Texas ndiyo inaongoza nchi nzima kwa watu wasio na bima, na imekataa kupanua Medicaid mpaka leo, kiasi kwamba mtu mzima asiye na mtoto anaweza kuwa maskini kiasi cha kukosa ruzuku, na bado asistahili Medicaid. Mlisikia wapi umaskini unaokunyima msaada wa maskini?

Nimalizie na mambo ya kazi. Kwa waliotaka bima ianze Januari mosi 2026, siku ya mwisho ilikuwa tarehe 15 Disemba 2025. Dirisha lenyewe lilikuwa la kufungwa Januari 15, lakini kwa aliyechelewa bima ilikuwa ya kuanza Februari. Msikubali kuandikishwa upya moja kwa moja bila kuangalia bei, ingieni mlinganishe. Bima ya ngazi ya shaba (bronze) ni nafuu kwa mwezi ila ukilazwa utaipata habari yako.

Wenye uraia mlioko Texas: kura za maoni za 2026 zilipangwa Machi 3, kujiandikisha mwisho ilikuwa Februari 2, na hapa huhitaji kadi ya chama, unachagua siku hiyo hiyo upigie upande upi. Mimi nilipanga kwenda upande wa Republicans, kwa sababu huko ndiko seneta anakopatikana, na mtakaotaka kuniita msaliti jipangeni mstari.

Swali langu kwa wanaojua: kuna mwenye roli lake hapa aliyeingia kwenye bima ya kikundi ya madereva? Inalipa kweli ukilazwa, au ni zile karatasi tu? Na wale wa "rudi Bongo", naomba mnitumie kabisa na tiketi.