Wapanki wa Ireland miaka ya 70: ni kweli waliwakutanisha Wakatoliki na Waprotestanti au ni stori za uzeeni?

kanda_na_wino

Wakuu habari zenu. Wiki mbili hizi nimezama kwenye miziki ya wapanki (vijana wa muziki wa punk) wa Ireland, ile ya 77 mpaka 80 hivi, bendi kama Stiff Little Fingers, Undertones, Rudi, Radiators, mpaka wale vichaa wa Virgin Prunes. Mimi zamani panki nilijua ni mtindo wa kunyoa tu, kumbe kuna watu walikula kipigo kwa ajili yake.

Sasa kila ninaposoma nakutana na maneno yaleyale, kwamba Belfast, Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, ilikuwa imegawanyika, Wakatoliki huku Waprotestanti kule, mabomu, wanajeshi barabarani, halafu wakaja wapanki na wote wakawa kitu kimoja. Hii kitu hainikai vizuri, ni tamu mno. Si mnajua watu wakishazeeka kila mtu anakuwa alikuwa rafiki wa kila mtu. Kuna yeyote aliyeishi kule au anayemjua mtu aliyekuwepo anipe stori isiyo na sukari? Na Dublin, Jamhuri ya Ireland kule kusini, je, ilikuwa hivyohivyo au wao walikuwa na yao?

bishoo_mstaafu

Mkuu wale walikuwa na kodi (chords) tatu za gitaa na hasira, basi. Mengine yote mmeongezea nyie mnaosoma.

nesi_zamu_ya_usiku

@bishoo kodi tatu zenyewe zilipatikana kwa shida, ngoja nikwambie.

Nipo Belfast mwaka wa tisa sasa. Kazini kwetu kuna mzee mmoja anasukuma vitanda vya wagonjwa, mpole kabisa, kumbe alikuwa panki tangu ana miaka 16. Usiku zamu ikitulia anaanza. Anasema mjini kati kulikuwa na uzio wa chuma na mageti, ukitaka kuingia madukani unapekuliwa mwili na mfuko. Jioni ikifika watu wanarudi mitaani kwao na mji unabaki mtupu. Bendi za nje zilikuwa zimekata mguu, hasa baada ya Julai 1975 ambapo watu wa bendi ya Miami Showband walisimamishwa barabarani usiku wakitoka kwenye shoo na wanamuziki watatu wakauawa. Sasa hapo nani atakuja kukupigia muziki? Vijana ikabidi wajipigie wenyewe.

Halafu Oktoba 1977 The Clash, bendi ya wapanki wa London, wakasema wanakuja, ukumbi wa Ulster Hall, tarehe 20. Mzee alikuwa amevaa shati la shule la kaka yake amelichana na kulifunga kwa pini, nywele amezisimamisha kwa maji ya sukari. Pale getini mwanajeshi akaanza kumpekua, akikuta pini anaitoa anaiweka kwenye kiganja, akafika kumi na kitu akachoka akamrudishia zote kwa pamoja kama chenji ya dukani. Anafika Bedford Street anakuta umati na polisi, shoo imefutwa, eti bima imeondolewa. Vurugu ikaanza. Lakini yeye anachokumbuka si vurugu, anakumbuka aligeuka akaona wapanki kama yeye wamejaa barabara. Alidhani wako kama sita mji mzima. Clash wenyewe walirudi Desemba wakapiga.

Sasa swali lako ndugu yangu. Mwaka uliofuata wakapata baa moja inaitwa Harp, Hill Street, madirisha yana nyavu za chuma, mlangoni unapekuliwa tena. Hapo ndani ndio walichanganyika kweli. Mzee ametokea upande wa mashariki ya mji, Mprotestanti, akazoeana na kijana wa Falls ambako ni Wakatoliki. Ila sikiliza hii, wote waliitana majina ya utani. Mimi nikajua ni mbwembwe tu za ujana, akaniambia hapana, Belfast ukitaja jina lako kamili au shule uliyosoma mtu ameshajua dini yako na mtaa wako. Jina la utani halina dini. Basi wakakaa miaka miwili wanacheza pamoja, wanakopeshana sahani za muziki, na hajawahi kumjua yule mwenzake jina la ukoo, hajawahi kufika kwao na yule hajawahi kufika kwake. Muziki ukiisha kila mmoja anatafuta teksi nyeusi ya upande wake, na teksi za Falls na za Shankill, mtaa wa Waprotestanti, haziendi njia moja.

Kwa hiyo ni kweli walikutana. Mpaka saa ya kufunga baa.

sahani45

Dada nesi hongera, hiyo ya pini getini nimeipenda.

Mimi ni mkusanyaji wa sahani tu, sijawahi kufika Belfast, lakini niongezee kitu ambacho watu wa nje huwa hawakijui. Wapanki wenyewe walikuwa wanagombana kuhusu hiihii habari ya mabomu. Stiff Little Fingers walianza 77, sahani yao ya kwanza ikatoka 78 kwenye lebo yao wenyewe, na albamu yao ya kwanza Februari 1979 ikafika namba 14 Uingereza, ambayo kwa bendi iliyotolewa na lebo ndogo isiyo na tajiri nyuma yake ni kitu kikubwa mno. Nyimbo zao zilikuwa zinaongelea wanajeshi, vizuizi, watu wa bunduki. Lakini mwandishi wa habari, Gordon Ogilvie, alikuwa anashirikiana nao kwenye mashairi, na baadhi ya wapanki wa palepale wakanuna, wakasema hawa wanauza shida zetu kwa Waingereza.

Upande wa pili kuna Undertones, vijana watano wa Derry, mji mwingine wa Ireland ya Kaskazini, na Derry iliona mambo kuliko miji mingi. Wao wakaimba habari za wasichana, mabinamu wenye akili nyingi, chokoleti. Hakuna vita hata tone. Wengine wakawaona waoga. Mimi naona kinyume chake, ukiishi katikati ya mambo yale halafu ukakataa kuyaimba, huo nao ni msimamo, tena mgumu. Wewe kila siku unapekuliwa halafu mtu wa London anataka na wimbo wako uwe wa kupekuliwa?

Hiyo Teenage Kicks, wimbo wao maarufu, waliirekodi Belfast Juni 1978 kwa Terri Hooley, jamaa mwenye jicho moja aliyefungua duka la sahani Great Victoria Street, mtaa uleule wenye hoteli ya Europa iliyolipuliwa mara kibao. Nani anafungua duka la sahani mahali kama pale? Lebo ikaitwa Good Vibrations kama duka, na aliyetoka wa kwanza si Undertones kama wengi wanavyodhani, ni Rudi. Hela ya majalada ya maana hawana, kwa hiyo jalada ni karatasi kubwa moja inakunjwa kwa mkono kuizunguka sahani. Ninayo moja ya lebo ile, mkunjo umekwenda upande, ukiichomoa vibaya inachanika. Kuna mtu aliikunja akiwa na haraka au amechoka, na mpaka leo naona alipokosea. Septemba mtangazaji John Peel akaipiga Teenage Kicks Radio 1 ya BBC mara mbili mfululizo, na mstari wa mwanzo wa wimbo ule ndio ulioandikwa kwenye kaburi la Peel.

daktari_wa_zamani

Vijana nawasalimu. Nimesoma udaktari Dublin kuanzia 1976, kwa hiyo niseme ya Dublin, maana naona mnaichanganya na Belfast, na ni miji miwili tofauti kabisa.

Kwanza Dublin ugomvi haukuwa wa dini mbili. Ilikuwa dini moja, na ilikuwa kila mahali. Duka la dawa lilikuwa haliuzi kondomu kihalali, talaka hakuna, kazi hakuna, na rafiki zangu darasani nusu walikuwa wameshaamua kwamba wakimaliza tu wanapanda meli. Mpanki wa Dublin alikuwa anamkimbia padri, mama yake na uchovu wa Jumapili mchana. Siwezi kuueleza uchovu ule, mvua ndogo, maduka yamefungwa, na redioni hakuna kitu.

Pili, msiwafanye malaika. Radiators walitoa sahani yao Aprili 1977, ikaingia ishirini bora za Ireland, kila mtu akafurahi. Juni mwaka huohuo kukawa na tamasha pale chuo kikuu Belfield na kijana wa miaka 18 akachomwa kisu akafa. Mimi sikuwepo, lakini wiki ile nzima tuliongea hayo tu, na baada ya hapo ukivaa jaketi lenye pini watu wanahama kiti kwenye basi. Na vijana wenyewe walikuwa wanawindana. Kulikuwa na wanyoa vipara na mabuti yao, mod na makoti yao, teddi boi wa kizamani wenye nywele za mafuta, wote hao wakimwona mpanki peke yake ni shughuli. Rafiki yangu mmoja alivuliwa viatu Grafton Street saa nane mchana. Viatu tu. Akarudi hosteli na soksi, na nje mvua.

Boomtown Rats, bendi nyingine ya Dublin, kuna wanaowaita wapanki, sawa, wimbo wao ulishika namba moja Uingereza mwaka 78, lakini wapanki wenyewe wa Dublin walikuwa wanawakunjia uso kwamba wameshakuwa matajiri.

Ninachokikumbuka kwa raha ni Dandelion Market, karibu na St Stephen's Green. Wikendi unakuta beji, mashati yaliyochakazwa makusudi, kanda, vijarida vya kurudufu vilivyobanwa na stepla mpaka wino unakuachia vidole vyeusi. Kiangazi cha 1979 kukawa na shoo za mchana za vijana wadogo wasioruhusiwa baa, kiingilio peni 50, na bendi mojawapo ni wale U2. Nilisimama nyuma. Nikasema hawa hawafiki popote, gitaa linalia kama kengele. Ndiyo maana nikabaki kwenye udaktari. Septemba ileile Papa Yohane Paulo wa Pili akaja, Phoenix Park wakajaa watu zaidi ya milioni moja, na nina hakika baadhi yao niliwaona Dandelion mwezi mmoja kabla, wameondoa pini tu.

Siku hizi pale sokoni ni jengo la maduka, na wala sikuingia nilipopita.

kanda_na_wino

Mzee wetu daktari shikamoo, hiyo ya U2 nimecheka mpaka nimeamsha watu 😂

Basi nimeanza kuelewa. Kumbe hata sababu hazikuwa moja, Belfast mtu anatafuta pa kukaa usiku na Dublin mtu anatafuta pa kutokea. Cork nao nasikia walikuwa na yao, Nun Attax na yule Finbarr Donnelly ambaye alizaliwa Belfast akahamia kule, ila nitafungua uzi wake.

Dada nesi nikuombe kitu, muulize mzee wako kwenye ule ugomvi wa Stiff Little Fingers na Undertones yeye alikuwa upande gani. Na kama alishawahi kumtafuta yule mwenzake wa Falls.

daktari_wa_zamani

Marahaba.

nesi_zamu_ya_usiku

Nimemuuliza jana saa tisa usiku tukinywa chai.

Ugomvi wa bendi anasema ulikuwa wa watu wenye muda, yeye alikuwa na sahani zote mbili na moja wapo ilikuwa ya yule mwenzake, hakuwahi kuidai. Kumtafuta hajamtafuta. Anasema atamtafuta kwa jina gani?

Sahani zenyewe aliziuza 1983, akapata nauli ya meli ya Scotland kwenda kutafuta kazi. Pini anazo. Ziko kwenye kopo la vifungo vya mke wake, na juzi moja imetumika kwenye sketi ya mjukuu.